Kwa Nini Santuri za Baba Zimejaa Franco?

Swali: "Shikamoo mzee. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia makreti manne ya santuri, ndogo na kubwa. Nimezipanga kwa majina ya wanamuziki nikakuta karibu nusu ni Franco wa Kongo na bendi yake, TPOK Jazz. Anafuata Mbaraka Mwinshehe, halafu Shirati Jazz, halafu Tabu Ley na bendi za Nairobi. Msondo zimo mbili, Sikinde moja tu. Mimi nimekua nikimsikia baba akibishana na jirani kila Jumamosi kuhusu Msondo na Sikinde, na Kilingala hakujua hata salamu. Alifanya kazi kwenye meli za ziwani tangu ujana wake. Je, kumbe alimpenda Franco kuliko wote na sisi hatukumjua? Na santuri zenyewe tuzifanye nini? Kuna mtu ameshatupa bei."

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na hiyo hofu kwamba labda hamkumjua baba yenu. Mlimjua. Mtu anayebishana na jirani kila Jumamosi juu ya Msondo na Sikinde ni mpenzi wa Msondo na Sikinde, na makreti manne hayawezi kumkanusha. Muziki alioupenda ulitoka kwenye santuri kwa uchache sana, na hata ulipotoka, njia ya kuuleta Mwanza ilikuwa imefungwa kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza alimpenda nani, uliza kwanza ni santuri zipi zilizoweza kumfikia.

Enzi hizo Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha santuri. Kazi ilifanyika Nairobi. Bendi ya Dar es Salaam, Tabora au Morogoro iliyotaka santuri ilifunga safari kwenda kurekodi Nairobi, au ukanda wake ulipelekwa huko. Na bendi zetu nyingi hazikuwa na haja kubwa ya kufanya hivyo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA Jazz na leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, hiyo Sikinde ya baba yako, ilikuja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Alipiga ukumbini, na wimbo mpya ukirekodiwa studio za Redio Tanzania ulisikika nchi nzima bila mtu kununua kitu. Mkazi wa Kirumba aliupata palepale sebuleni kwake.

Sasa tazama tarehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Sikinde ilianzishwa mwaka 1978. Maana yake miaka ile ambayo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Michael Enoch walikuwa wakiijengea bendi jina, kiwanda cha santuri kilikuwa upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Na mpaka ulipofunguliwa, kanda za kaseti zilikuwa zimeshaingia mitaani, bei yake nafuu, na kila mji ulikuwa na duka la kurekodia. Hiyo Sikinde moja mliyonayo ilipita tundu dogo sana hadi kufika Kirumba. Itenge.

Ndiyo maana nawaomba mfanye jambo moja kabla ya lolote: tafuteni kanda. Mzee wa aina hiyo hakosi kanda. Zinaweza kuwa ndani ya sanduku la nguo, juu ya kabati la vyombo, au kwa shangazi aliyeziazima akasahau. Zile zilizoandikwa kwa kalamu "Msondo, RTD" (yaani Redio Tanzania Dar es Salaam) au "Sikinde mpya" msizifute wala kuzitupa, hata kama zinakwaruza. Huko ndiko mtakakouona upande wa baba yenu ambao makreti hayakuonyesha.

Tuje kwa Franco mwenyewe, maana hapa pana mengi.

François Luambo Makiadi alizaliwa mwaka 1938. OK Jazz, iliyokuja kuitwa TPOK Jazz, ilianzishwa Juni 1956 mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, na yeye akaendelea nayo mpaka alipofariki Oktoba 1989. Ni miaka 33 na bendi moja. Idadi ya nyimbo zake hutajwa kuwa zaidi ya elfu moja. Alimiliki lebo zake mwenyewe za kutolea santuri, bendi ilijaa watunzi na waimbaji, na miaka ya 1980 ilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kugawanyika, kundi moja likabaki Kinshasa na lingine likawa Ulaya. Hakuna bendi ya Tanzania iliyoweza kutoa santuri nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo hata mnunuzi ambaye angeingia dukani akafumba macho na kuokota, angetoka na Franco wengi.

Na dukani alifika kwa mlango uleule wa Nairobi. Makampuni ya Nairobi yalipata haki za muziki wa Kongo yakautengenezea santuri palepale. Tazama santuri ndogo: ukiona lebo ya ASL, hiyo ni kazi ya Nairobi, hata kama wimbo ulipigwa Kinshasa. Santuri kubwa za miaka ya 1980, zenye majalada ya picha za rangi, nyingi zilitoka Paris au Brussels. Zigawe hizo mafungu mawili. Fungu la Nairobi litakuonyesha baba alinunua nini alipokuwa kijana, na la Ulaya alichonunua alipokuwa mtu mzima mwenye kipato.

Kutojua Kilingala si ajabu hata kidogo. Rumba ya Kongo ilisikika kanda hii yote kwa njia ya redio tangu miaka ya 1950, na jinsi wimbo ulivyopangwa ulimjali pia asiyejua lugha. Maneno huja kwanza, polepole, kisha magitaa yanachukua nafasi na sebene, sehemu ya kuchezea, inaanza. Kwenye santuri ndogo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili sebene. Hapo ndipo pana ushahidi unaoutafuta. Ichukue santuri, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utazame mifereji. Mahali sindano ilipopita mara nyingi pamefifia na kuwa na rangi ya kijivu, na mahali ilipopita mara chache bado panang'ara. Ukikuta upande wa pili umechakaa kuliko wa kwanza, ujue mwenye santuri alikuwa akicheza dansi.

Fanya hivyo kwa zote. Idadi inakuambia habari za maduka, uchakavu unakuambia habari za baba. Inawezekana kabisa kwamba katika hao Franco wote kuna wengi waliopigwa mara chache wakarudishwa kwenye mfuko, na kwamba zile Msondo mbili zimepigwa mpaka zinanguruma. Mtu hasagi santuri asiyoipenda. Tazama na maandishi pia. Watu wa umri wake waliandika jina juu ya lebo, na mara nyingine tarehe, ili santuri isipotelee kwenye sherehe za watu. Duka nalo liligonga muhuri. Mihuri ya Kisumu, Mwanza, Nairobi au Kampala itakuchorea safari zake.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya majina inalificha, nami nalijali sana. Ukiandika "Franco" kwenye orodha, umewameza watu wengi. Chini ya jina la wimbo, kwenye mabano, huwa pana jina la mtunzi. Lisome. Utamkuta Simaro Lutumba, mshairi hasa, ambaye wimbo wake wa mwaka 1974, Mabele, uliimbwa na Sam Mangwana na unahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za bendi hiyo. Utamkuta Josky Kiambukuta, utamkuta Ndombe Opetum. Sauti inayoongoza kwenye Mario ya mwaka 1985, wimbo ambao hata wajukuu wanaujua, ni ya Madilu System. Panga fungu la TPOK Jazz upya kwa watunzi, ndipo utajua baba yako alivutwa na nani. Mtu mwenye Simaro wengi si sawa na mtu mwenye Franco wengi: mmoja anatafuta maneno ya huzuni na hekima, mwingine anatafuta masengenyo ya mjini na gitaa linalouma.

Angalieni pia kama mna santuri ya mwaka 1987 ambayo Franco anahubiri kuhusu UKIMWI, sehemu kubwa kwa Kifaransa. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya maji kutoka kwenu. Kwa watu wa mwambao huu waliokuwa wakizika vijana wao, ile haikuwa santuri ya starehe. Kama baba alikuwa nayo, waulizeni wazee wenzake jinsi ilivyopokelewa.

Mbaraka Mwinshehe kushika nafasi ya pili hakunishangazi, na anathibitisha hayo niliyosema kuhusu Nairobi. Alianza kuwika na Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano. Tofauti na wengi, yeye alirekodi Nairobi tena na tena, na santuri zake zikatoka kwa lebo ya Polydor. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Baada ya hapo kampuni ikakusanya nyimbo zake kwenye santuri kubwa za mfululizo wa Ukumbusho. Kwa hiyo tenganisha santuri ndogo alizotoa akiwa hai na zile kubwa za Ukumbusho. Nyimbo zinajirudia, na usipofanya hivyo utamhesabu mara mbili.

Shirati Jazz ndiyo inayonifanya niamini kwamba baba yako alikuwa mtu wa ziwa hasa, tena mwenye sikio. Kiongozi wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ndani ya wilaya ya Rorya ya leo, mkoani Mara. Ni Mtanzania wa mwambao huu. Jina alilipatia Kenya, akaitwa babu wa benga, huo muziki wa magitaa wa Wajaluo, na nyimbo zake za Kijaluo zenye mafumbo ya siasa zilimtia matatani na serikali ya huko. Alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu. Sikiliza gitaa lake la solo linavyokimbizana na besi: ni mwendo wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, uliohamishiwa kwenye gitaa la umeme. Waimbaji wananyamaza, magitaa yanapanda, kisha wimbo unarudi ulikoachwa. Mimi siuoni muziki mwingine unaofanana na ziwa hili kwa kasi yake siku ya upepo.

Baba yako alipataje benga nyingi hivyo? Umesema alikuwa kwenye meli. Kabla ya 1977 meli za ziwani zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, zikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na MV Victoria ilikuwa kazini tangu mwaka 1961. Mtu aliyeshuka Kisumu mara kwa mara akiwa na mshahara mfukoni alikuwa kwenye soko la benga lenyewe. Nakisia kwamba santuri zake nyingi za Shirati ni za kabla ya 1977. Mihuri ya maduka itaonyesha kama nimekisia sawa. Na ukiona lebo ya Sungura, hiyo ni ya Oluoch Kanindo, mfanyabiashara aliyesambaza benga mpaka Zimbabwe, ambako aina nzima ya muziki ilikuja kuitwa sungura.

Fungu uliloliita "bendi za Nairobi" lichambue tena, kwani humo wamo Watanzania. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwa Simba Wanyika. Les Wanyika ilizaliwa humo mwaka 1978, na Watanzania walikuwa nguzo zake. Issa Juma naye ni wa kwetu. Ukiwahamishia hawa upande wa Tanzania, ukamweka na Misiani, ile picha ya kabati lililojaa wageni inabadilika kabisa. Super Mazembe na Mangelepa ni Wakongo waliohamia Nairobi, hao waache walipo.

Tabu Ley, mwimbaji mwingine wa Kongo, simwongezei maneno mengi. Kila mwenye Franco alikuwa na Tabu Ley kidogo. Ila ukikuta santuri za African Fiesta za miaka ya 1960, alipokuwa na Dokta Nico kwenye gitaa, zisafishe kwa uangalifu wa pekee.

Nimefika kwenye usafi na utunzaji. Kwanza zitoeni kwenye makreti kama zimelazwa. Santuri husimamishwa wima, zikiwa zimeshikana bila kubanwa. Zikilala moja juu ya nyingine, za chini hupinda na kukwaruzana. Msiziweke juu ya dari wala kwenye chumba chenye bati lisilo na dari, kwa sababu joto la Mwanza la mchana linatosha kuzipinda. Mkikuta ukungu, msizianike juani kama dagaa. Huo ukungu huoshwa.

Osheni kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri, mhakikishe si yale makali yenye asidi. Tieni tone la sabuni laini ya maji, tumieni kitambaa laini kisichoacha nyuzi, mfute kwa kuzunguka kufuata mifereji, kamwe msikate katikati. Lebo ya karatasi isilowe. Suuzeni, kisha mzisimamishe kivulini zikauke. Mkiona santuri nzito, ngumu, iliyoandikwa mizunguko 78, msiiguse kwa spiriti, kwani spiriti inaiyeyusha, na msiidondoshe, kwani inavunjika kama sahani ya udongo. Hizo zinahitaji sindano yake, pana kuliko ya santuri za plastiki. Ukitumia sindano ya santuri kubwa utasikia mikwaruzo tu.

Msizijaribu kwenye mashine ya zamani ambayo sindano yake haijabadilishwa tangu baba alipoacha kuitumia. Sindano iliyochakaa huchimba mfereji, na safari moja tu inatosha kuharibu. Nunueni sindano mpya kwanza. Kisha rekodini kwenye kompyuta kwa faili la WAV, si lile la kubana, na mpige picha lebo za pande zote mbili. Msikate mikwaruzo kwa programu kwenye nakala ya kwanza. Nakala ya kwanza ibaki kama ilivyo, mapambo yafanyike kwenye nakala nyingine.

Kuhusu huyo aliyewapa bei, msimuuzie sasa, na msimruhusu kuchagua. Wanunuzi wa siku hizi wanaijua kazi yao. Franco aliyetoka kwa maelfu hawamtaki sana. Wanachowinda ni benga ndogondogo, bendi za Tanzania zilizotoka kwa uchache, na lebo zisizojulikana. Atapitia makreti manne kwa saa moja, atachukua santuri thelathini, atawaachia hao Franco mliokuwa mkiwahofia, na mtaona amewalipa vizuri. Kama mtauza, uzeni mkijua kila moja ni nini, baada ya kurekodi zote. Mimi ningependa zibaki pamoja, maana zikiwa pamoja zinaeleza maisha ya mfanyakazi wa melini wa Mwanza, jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Lakini ninyi ndio mnaojua ada za shule za watoto na madeni ya msiba, na uamuzi ni wenu.

Kazi ya kuanza nayo wiki hii ni orodha. Safu ya kwanza jina la bendi, ya pili wimbo wa kila upande, ya tatu mtunzi wa kwenye mabano, ya nne lebo na namba yake, ya tano namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo, ya sita muhuri au maandishi ya mkono, ya mwisho upande upi umechakaa zaidi. Anza na santuri ndogo za Shirati na zile tatu za Msondo na Sikinde, kisha unitumie hizo kabla hujafika kwa Franco.